Chombo na Maji Yake

Msomaji, kama hujapata kufika Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, fanya bidii ufike. Kijiji hicho kina sifa ya uundaji wa majahazi na mashua tangu enzi za wazee wetu, na hata leo si ajabu kukuta ufuoni chombo kilicho mifupa mitupu, mataruma yake yamepinda kama mbavu, na fundi amechutama chini yake na tezo mkononi. Fundi huyo hana mchoro wa karatasi. Vipimo vyake vimo katika jicho na katika mkono. Lakini kabla hajaulaza mkuku, liko jambo moja ambalo hana budi kulijua, nalo ni maji ambayo chombo kitayatembea. Chombo cha kupita Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya kisiwa cha Manda na bara, hakiundwi sawasawa na chombo cha kwenda Mombasa au Unguja kwa bahari kuu. Kikizama sana majini kitakwama Mkandani mpaka maji yajae. Kikizama kidogo mno, mawimbi ya nje yatakichezea.

Nimeanza na jahazi, lakini insha hii si ya majahazi. Ni ya uundaji wa namna nyingine, usio na harufu ya mbao wala sauti ya nyundo, yaani uundaji wa programu za kompyuta katika mfumo uitwao Linux. Wengi wetu huzitumia programu kama tutumiavyo chumvi, bila kuuliza ilitoka ziwa gani. Nataka kukueleza jinsi watu walivyoipata haki ya kuziunda wenyewe, jinsi haki hiyo ilivyofika pwani yetu, na siku niliyoaibika mimi mbele ya wanafunzi wangu kwa kusahau kile ambacho fundi wa Matondoni hakisahau.

Kwanza hatuna budi kuelewana juu ya maneno mawili matatu. Programu huandikwa na mwanadamu kwa lugha maalumu, mathalan ile iitwayo C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell huko Marekani mnamo mwaka 1972. Maandishi hayo huitwa msimbo wa asili. Aliyejifunza lugha yake aweza kuyasoma, kuyakosoa na kuyasahihisha. Kompyuta yenyewe haiyaelewi. Kichakataji, ambacho ndicho ubongo wake, hufahamu tarakimu tu, sifuri na moja zilizopangwa kwa safu ndefu mno. Kwa hiyo huhitajiwa mfasiri, naye ni programu nyingine iitwayo kompaila. Kompaila huusoma msimbo wa asili na kutoa tarakimu ambazo kichakataji huzitii. Tarakimu hizo zikisha kutoka hutumiwa na yeyote, ila hakuna mtu awezaye kuzisoma kama asomavyo msimbo. Ni kama mkate wa mofa uliokwisha iva: waweza kuula, lakini huwezi kuurudisha uwe unga.

Tafakari matokeo yake. Mtu akikupa tarakimu peke yake, amekupa mkate wa leo. Ukiona chumvi imezidi, huna la kufanya ila kumngoja yeye aoke mwingine. Akikupa na msimbo wa asili, waweza kuoka mwenyewe, ukapunguza chumvi, ukampa na jirani. Ugomvi wote wa historia hii umetoka hapo.

Katika miaka ya 1960 na 1970 wataalamu wengi wa vyuo vikuu vya Marekani walikuwa wakipeana misimbo yao bila masharti makubwa. Hali hiyo haikuwa ngeni kwa watu wa visiwa hivi. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulikuwa katika karne ya 18 na ya 19 mji wa wanazuoni na wanakili, na misahafu iliyoandikwa huko kwa mkono yahifadhiwa hata leo katika nyumba za makumbusho. Kitabu kilisafiri kwa kunakiliwa, na nakala ya huyu ikawa asili ya yule. Lakini kadiri kompyuta zilivyogeuka kuwa biashara kubwa, misimbo ikaanza kufungiwa.

Yasimuliwa kwamba mnamo mwaka 1980 hivi maabara moja ya chuo cha MIT ilipata printa mpya ya kampuni ya Xerox. Karatasi zilikuwa zikikwama ndani yake mara kwa mara, na watu wakingoja kazi zao bila kujua kwamba mashine imesimama. Fundi mmoja kijana wa maabara hiyo, Richard Stallman, alikuwa ameitengenezea printa iliyotangulia programu ya kuwapa watu habari kila karatasi ilipokwama. Akataka kufanya vivyo hivyo kwa hii mpya. Akauomba msimbo wake, akanyimwa. Hata mtaalamu wa chuo kingine aliyekuwa nao alimjibu kwamba amekwisha ahidi kutoutoa kwa mtu. Waweza kucheka, msomaji, kwamba mambo makubwa yaliota kutokana na karatasi iliyokwama, lakini mimi naona ndivyo mambo makubwa yaanzavyo aghalabu. Tarehe 27 Septemba 1983 Stallman alitangaza nia yake ya kuunda mfumo mzima wa programu ambao msimbo wake utakuwa wazi kwa kila mtu, akauita GNU. Mwaka 1987 alitoa kompaila ya mfumo huo, iitwayo GCC, na mwaka 1989 akatoa leseni iitwayo GPL. Leseni hiyo yasema kwa ufupi kwamba upewaye programu una haki ya kupata msimbo wake, kuuchunguza, kuubadili na kuugawa, kwa sharti moja tu: na wewe ukiigawa, usimnyime mwenzio haki uliyopewa.

Mfumo wa GNU ulikuwa na karibu kila kitu isipokuwa kiini. Kiini hicho kilitoka Finland. Mwezi Agosti mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, mwenye umri wa miaka 21, aliwaandikia wenzake kwamba anatengeneza mfumo wa kompyuta kwa kujifurahisha tu, wala hautakuwa mkubwa. Mwaka uliofuata aliuweka chini ya leseni ya GPL. Hiyo ndiyo Linux, ambayo leo huendesha sehemu kubwa ya kompyuta zinazohudumia intaneti, na kiini chake kimo ndani ya kila simu ya Android, pamoja na hiyo iliyo mfukoni mwako.

Sasa kuwa na msimbo ni jambo moja, kuuunda ni jambo jingine. Programu kubwa ina mafaili mamia au maelfu, nayo hutegemea programu nyingine ndogo ndogo ziitwazo maktaba. Hapo mwaka 1976, katika maabara ile ile ya Bell, mtaalamu mmoja alipoteza asubuhi nzima akitafuta kosa katika programu iliyokuwa sahihi. Kosa alikuwa amekwisha lisahihisha; alichosahau ni kulifasiri upya faili lililobadilika. Mwenzake, Stuart Feldman, ndipo alipoandika programu iitwayo make, ambayo hutazama ni faili gani limebadilika na nini kinalitegemea, kisha ikafasiri upya yale yanayohitajiwa tu. Programu hiyo yatumika mpaka leo. Mimi huitazama kwa heshima, kwa kuwa ilizaliwa na asubuhi iliyopotea, na asubuhi zangu zilizopotea hazijazaa kitu.

Katika miaka ya kwanza ya Linux, kila aliyetaka programu aliipakua pamoja na msimbo wake, akatoa amri ya kuipima kompyuta yake, kisha ya kufasiri, kisha ya kuyatia mafaili mahali pake. Iwapo maktaba fulani haikuwako, kazi ilisimama. Akaenda kuitafuta, akakuta nayo yataka nyingine, na hiyo nyingine yataka ya tatu. Jioni ikaingia. Kwa ajili ya taabu hiyo ndipo yalipotokea makundi ya watu waliojitolea kuunda programu mara moja kwa niaba ya wote. Agosti 16, 1993, Ian Murdock alianzisha kundi la Debian, na mwaka 1995 kampuni ya Red Hat ikaleta utaratibu wake uitwao RPM. Walichounda huitwa kifurushi. Usikichanganye na kile kifurushi unachonunua kwa simu ukamaliza kabla ya magharibi! Kifurushi cha Linux ni faili moja ambalo ndani yake mna programu iliyokwisha fasiriwa, mna maelezo ya mahali ambapo kila kipande kitawekwa, na mna orodha ya vifurushi vingine ambavyo inavitegemea. Debian wakaongeza programu iitwayo APT, iliyotoka pamoja na toleo lao la mwaka 1999, ambayo huisoma orodha hiyo na kwenda kuleta yote yanayohitajiwa bila mtu kuhangaika.

Hapa lakini pana fumbo. Anayeunda kifurushi kwa ajili ya watu wote ulimwenguni hajui ni kompyuta gani itakipokea. Huenda ikawa mpya, huenda ikawa kongwe. Kwa hiyo huiamuru kompaila itumie tu zile amri ambazo kila kichakataji cha jamii hiyo huzifahamu, hata kile cha kwanza kabisa. Ni kama kuunda mashua inayoweza kutia nanga katika kila bandari: itafika kote, ila si nyepesi kuliko zote popote.

Kompaila ina viwango vya uboreshaji, na mtu huchagua kimoja anapotoa amri. Kiwango cha sifuri hufasiri neno kwa neno. Kiwango kiitwacho -O2 hufasiri kwa akili: hesabu ambayo jibu lake halibadiliki hufanywa mara moja badala ya mara elfu, vipande visivyotumika huachwa, na amri hupangwa upya ili kichakataji kisikae bure. Kiwango cha -O3 huzidi hapo, aghalabu kwa gharama ya kuifanya programu iwe kubwa zaidi. Tena ipo amri iitwayo -march=native, yenye maana kwamba kompaila ikitazame kichakataji cha kompyuta hii hii na kutumia kila uwezo kilicho nao. Mwaka 2002 lilitoka toleo la kwanza kamili la mfumo wa Gentoo, ambao wafuasi wake walifasiri kila programu wenyewe, katika kompyuta zao wenyewe, kwa viwango walivyovichagua wenyewe. Wengine waliziacha mashine zao zikifanya kazi usiku kucha na mchana wake kwa ajili ya faida ya nukta chache. Siwacheki sana. Walijifunza, na walichojifunza hakuna awezaye kuwanyang'anya. Lakini kwa wepesi wenyewe, nadhani wengi wao hawakurudisha mtaji.

Na sisi huku tulikuwa wapi? Msomaji asidhani tulikuwa tumelala. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, idara ya kompyuta, palikuwako mradi ulioitwa Kilinux, uliofanywa kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden. Kampuni ya Sun ilikuwa imeufungua mwaka 2000 msimbo wa programu zake za ofisini, zikaitwa OpenOffice. Watu wa Dar es Salaam wakaziona na kuuliza swali jepesi: kama msimbo uko wazi, kwa nini programu hizi zisiseme Kiswahili? Iliwapasa kwanza kutunga orodha ya istilahi, maana maneno mengi ya kompyuta hayakuwa na mwenzake katika lugha yetu. Kisha wakafasiri maneno yote ya programu, na mwisho wakaiunda upya kutoka katika msimbo wa asili, kazi inayoichukua kompyuta saa nyingi. Mwishoni mwa mwaka 2004 wakatoa Jambo OpenOffice. Mtu wa pwani akaweza kuandika barua na kufanya hesabu za duka katika programu iliyomsemesha kwa lugha ya mama yake. Hawakuomba ruhusa kwa yeyote, wala hawakungoja mwenye mali aone faida ya soko la Kiswahili. Naitaja kazi hii kwa kirefu kwa sababu vijana wengi niliowauliza hawajapata kuisikia, nami naona ni haki ijulikane kama yajulikanavyo matendo ya Helsinki.

Mwaka ule ule wa 2004, mwezi Oktoba, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa toleo la kwanza la Ubuntu, mfumo uliojengwa juu ya vifurushi vya Debian na wenye jina la Kibantu ambalo wewe msemaji wa Kiswahili walielewa nusu bila kufundishwa. Kwa miaka kadhaa, hadi mwaka 2011, kampuni yake ilikuwa ikimpelekea kila aliyeomba sahani ya Ubuntu kwa posta, bila malipo. Jambo hilo huonekana dogo leo. Lakini kumbuka kwamba kabla ya mwaka 2009, nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa, intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, ikawa ghali na ya polepole, na visiwani ilikuwa nadra. Kwa watu waliokaa mwisho wa njia, posta ilikuwa na mbio kuliko waya.

Hapo ndipo ninapoingia mimi. Nilifundishwa ualimu chuoni, na katika chuo hicho nilijifunza kompyuta kwa kuzitengeneza zilizokufa, maana zilizo hai hazikututosha. Nilipoajiriwa katika shule moja ya upili kisiwani Pate, nilikuta chumba chenye kompyuta 16 za msaada, zote zimetengenezwa mwaka 2008 hivi, kila moja ina kumbukumbu ya gigabaiti moja, na hakuna intaneti. Nilizitia Debian. Zikaenda, taratibu kama mzee apandaye ngazi, lakini zikaenda.

Basi nilitaka wanafunzi wa Kidato cha Tatu waone grafu za milinganyo zikijichora zenyewe. Nikaichagua programu ya gnuplot, iliyoanza mwaka 1986 na ambayo, licha ya jina lake, haikutoka katika mradi wa GNU. Nilipotazama orodha ya mategemeo yake, nikaona yataka maktaba nyingi za madirisha na michoro ambazo hazikuwamo katika mashine zetu, na kuzipakua kwa simu kungalinigharimu fedha. Nikasema moyoni, nitaiunda mwenyewe, niondoe yote yasiyohitajiwa, ibaki nyepesi. Nilikuwa likizoni mjini Lamu, na kipakatalishi changu kilikuwa kipya. Nikapakua msimbo, nikazima sehemu za madirisha, nikaamuru -O3. Kisha, kwa majivuno ambayo sasa nayaona wazi, nikaongeza na -march=native. Kazi ikaisha kabla chai haijapoa. Nikakitengeneza kifurushi, nikakitia katika flashi, nikaijaribu programu kwenye kipakatalishi. Ilikuwa nzuri ajabu.

Shule ilipofunguliwa nikapanda mashua, tukavuka Mkanda kwa maji kujaa, flashi imo mfukoni ndani ya karatasi ya nailoni. Siku ya pili nikakitia kifurushi katika kompyuta zote 16. Darasa likakaa. Nikamwambia mwanafunzi wa mbele aandike mlinganyo na kubonyeza. Kioo kikaonyesha maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya amri isiyo halali, na programu ikafa. Nikahamia mashine ya pili, ikafa. Ya tatu vile vile. Kufikia ya sita, nyuma ya darasa palikuwa na kicheko kilichozibwa kwa kiganja.

Ilinichukua hadi usiku kuelewa. Kichakataji cha kipakatalishi changu kilikuwa na kundi la amri liitwalo AVX, la kufanya hesabu kadhaa kwa pigo moja, ambalo liliingia katika vichakataji vya Intel mwaka 2011. Nami nilikuwa nimeiambia kompaila itumie kila uwezo ulioko. Ikatii. Kompyuta za shule zilitengenezwa miaka mitatu kabla ya amri hizo kuzaliwa. Zilipokutana nazo hazikuwa na la kufanya ila kukataa. Nilikuwa nimeunda chombo kwa maji ya Lamu mjini, nikakileta Mkandani kwa maji kupwa.

Kuunda upya pale pale sikuweza, maana kipakatalishi nilikiacha nyumbani, na mashine za shule hazikuwa na kompaila. Wiki mbili zikapita kabla sijarudi mjini, na kwa wiki hizo wanafunzi walichora grafu zao kwa penseli, wala hawakudhurika. Mara ya pili niliamuru -O2, na badala ya native nikataja jamii nzima ya vichakataji vya biti 64 tangu kile cha kwanza. Programu ikaenda katika mashine zote 16. Kwa udadisi nikalinganisha nakala hizo mbili katika kipakatalishi changu: kwa grafu za Kidato cha Tatu, sikuona tofauti inayostahili kutajwa. Na liko jambo moja zaidi, ambalo kulisema ni kama kujipaka tope kwa hiari. Baadaye niligundua kwamba Debian wenyewe wanacho kifurushi cha gnuplot kisicho na madirisha. Lau ningalisoma orodha mpaka mwisho, ningaliepuka taabu yote.

Lakini kosa lile lilinifungua macho juu ya jambo lisilo la kuchekesha. Nililolifanya mimi kwa ujinga, wengine wanalifanya kwa kukusudia, tena kwa hoja. Mnamo mwaka 2020 wataalamu walivigawa vichakataji vya biti 64 katika ngazi nne, kwa kadiri ya amri vinavyozifahamu. Mfumo wa kampuni ya Red Hat uliotoka mwaka 2022 ukataka angalau ngazi ya pili, na ule wa mwaka 2025 ukataka ya tatu. Kompyuta zetu za 2008 zimo katika ngazi ya kwanza. Debian, katika toleo lake la Agosti 2025, bado waliziundia mashine za ngazi hiyo vifurushi, ila mashine za kale zaidi, za biti 32, wameacha kuzitolea kiini na njia ya kuanza upya. Siwezi kuwaita wadhalimu. Kuunda kila kifurushi mara mbili ni kazi na gharama, na mwenye mashine mpya anayo haki ya kuutumia uwezo alioununua. Hata hivyo kila ngazi inapopandishwa, iko shule mahali fulani ambayo kompyuta zake, zilizokuwa nzima jana, zinageuka taka bila hata waya mmoja kuungua. Siku ngazi ya kwanza itakapoachwa na wote, njia itakuwa moja: kuwa na msimbo wa asili, na kuwa na mtu shuleni anayejua kuuunda.

Tena si ujinga na gharama tu zinazotufanya tumwulize muundaji. Wapo waundao kwa hila. Mwezi Machi mwaka 2024 mtaalamu mmoja, Andres Freund, alikuwa akipima wepesi wa programu katika kompyuta yenye toleo la majaribio la Debian. Akaona kwamba kuingia katika kompyuta kwa njia ya mbali kunachukua nusu sekunde zaidi ya kawaida. Wewe na mimi tungaliipuuza nusu sekunde. Yeye akaifuata, ikamfikisha katika maktaba ndogo ya kubana mafaili iitwayo xz. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ameitumikia maktaba hiyo kwa zaidi ya miaka miwili, akimsaidia mwenyewe aliyekuwa akijitolea karibu peke yake na amechoka, mpaka akaaminiwa kutoa matoleo mapya. Ndipo akatia mlango wa siri. Na angalia alivyoutia: msimbo uliokuwa wazi mbele ya macho ya watu haukuonyesha lolote la kutisha. Ufunguo wa hila ulifichwa katika maelekezo ya uundaji, ndani ya furushi la msimbo waliloletewa waundaji, nayo iliamka pale tu ilipotambua kwamba kinachoundwa ni kifurushi cha Debian au cha RPM. Programu ile ya kuingilia kwa mbali, kwa asili yake, wala haikuitegemea xz. Waundaji wa vifurushi vya Debian na baadhi ya wenzao ndio walioiunganisha, kwa nia njema kabisa, na maktaba nyingine ambayo nayo iliitegemea xz. Tarehe 29 Machi Freund alitangaza aliyoyaona, na matoleo yale mabovu yakaondolewa kabla hayajaingia katika mifumo mikuu inayotumiwa na watu wengi.

Niliwasimulia wanafunzi wangu habari hiyo mchana mmoja wa kaskazi, feni za kompyuta zikivuma kama nyuki. Mmoja wao, msichana ambaye baba yake ana chombo Kizingitini, akauliza: je, gnuplot yetu nani ameihakiki? Sikuwa na jibu la kumridhisha. Tangu siku hiyo kompaila imo katika kompyuta moja ya shule, ile iliyo karibu na dirisha, na msimbo wa kila programu tunayoiunda umehifadhiwa ndani yake. Kuiunda gnuplot huko huchukua dakika nyingi, nao hukaa wakiyatazama maandishi yanavyopanda kiooni, wakinisimamisha kila wanapoona neno la onyo. Kompyuta 12 kati ya zile 16 zingali zafanya kazi. Nne zilizokufa tumezitoa kumbukumbu, tukazitia katika zilizo hai.